Nyama Iliyolaliwa na Tofali

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alibadili sare, akafagia sebule na kuosha vyombo kabla mama yake hajamaliza kumuuliza habari za masomo. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna kazi iliyowahi kumchukua muda. Ni kweli kwamba vumbi lilibaki chini ya kabati na sufuria zilibaki na mafuta, lakini nani angeinama kuangalia?

Jumatano hiyo hata ufagio hakuugusa. Aliingia mbio, mkoba ungali mgongoni.

"Mjomba! Darasa letu limeangukia Ugiriki!"

Mjomba wake, mpishi wa melini aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa jikoni akinoa kisu. "Limeangukia? Kuna aliyeumia?"

"Mjomba bwana! Ni maonesho ya mapishi. Jumamosi kila darasa linapika chakula cha nchi ya mbali. Nimewaambia tutapika giros, ile nyama ya kondoo uliyonisimulia, inayozungushwa kwenye chuma mbele ya moto."

"Na huo mtambo wa kuzungusha unao?"

Chapuchapu akatua mkoba. Swali hilohilo alikuwa ameulizwa darasani na Kasuku, mvulana ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Bila mtambo mtatulisha nini? Hadithi?" Darasa zima lilicheka. Kwa hasira, Chapuchapu alisimama akaahidi mbele ya mwalimu kwamba nyama italiwa, na ikishindikana, lawama zote ni zake.

Mjomba alimtazama, kisha akaita kwa sauti, "Dada! Naomba lile bati lako la kuokea mkate. Na tofali moja safi."

"Tofali?" mama akajibu kutoka sebuleni. "Huko melini mlikuwa mnakula nini nyie?"

Alhamisi jioni wakaenda kwa mwenye bucha. Mzee yule aliosha mashine yake upya, akaisaga nyama ya mwanakondoo mara mbili kama walivyoomba, akamwongezea Chapuchapu kipande cha mafuta "cha kuleta harufu." Nyumbani, Mjomba aliigawa nyama sehemu mbili: nusu ya kujaribia, nusu ya Jumamosi.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Kikwaruze kitunguu, kifunge kwenye kitambaa, ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone. Halafu changanya na nyama, chumvi, kitunguu saumu na majani makavu ya oregano, ukande kama unga wa mkate. Nyama iliyokandwa vizuri huung'ang'ania mkono. Mimi nakwenda kwa daktari wa meno, nikirudi tunaoka."

Mwanzoni Chapuchapu alikwaruza kwa bidii. Machozi yakamtoka, pua ikamwasha. Alikibinya kitambaa mara mbili, vidole vikauma, na maji yakawa bado yanachuruzika. "Si maji tu," alijiambia, akamimina kitunguu na maji yake yote juu ya nyama. Akakanda huku akihesabu mpaka ishirini. Basi.

"Umekamua?" Mjomba aliuliza aliporudi, shavu likiwa limevimba.

"Nimekamua."

"Umekanda?"

"Nimekanda, Mjomba."

Mjomba alikuwa hajiwezi kwa ganzi ya daktari, hata hakuikagua nyama. Aliishindilia nyama kwenye bati, akaliweka kwenye sinia la maji moto na kuoka. Ilipoiva, akaifunika kwa foili, akalaza tofali juu yake ili nyama ishikane ikipoa, kisha yote yakaingia kwenye friji.

Ijumaa walipotoa tofali, Mjomba alishika kisu, akakata kipande chembamba. Kikamomonyoka. Akakata kingine kinene zaidi. Nacho kikasambaratika kama udongo mkavu. Alipovitia kwenye kikaango, vilirusha maji badala ya kukauka.

"Ajabu," alisema Mjomba, akikuna kidevu. "Kitunguu umekamua, nyama umekanda. Basi ni yule mwenye bucha. Kaiongezea nyama maji, ili iwe nzito kwenye mizani! Na hii iliyobaki ni ya palepale, haifai. Mwambieni mwalimu mmejitoa."

Akavaa kofia, akashika njia ya mlangoni. "Anakwenda kunisikia leo. Mbele ya wateja wake wote!"

Chapuchapu alibaki amesimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Akilini alimwona yule mzee akiosha mashine kwa ajili yao. Alimsikia Kasuku akicheka. Akinyamaza, kosa lingekuwa la mtu mwingine na hakuna ambaye angejua. Lango likalia.

"Mjomba!" Alitoka mbio bila viatu, akamshika mkono. "Usiende. Si yeye. Ni mimi. Sikukamua sawasawa. Maji niliyamwagia humohumo. Na kukanda... nilihesabu ishirini tu."

Mjomba akasimama. Akavua kofia.

"Ishirini?"

"Nilihesabu harakaharaka."

Kona ya mdomo wa Mjomba ikatikisika, lakini hakucheka. "Twende jikoni. Saa hizi kuna kazi."

Safari hii Chapuchapu alikamua mpaka kitambaa kikaacha kudondosha hata tone, na maji ya kitunguu yakajaza nusu kikombe. Akakanda. Mabega yakamuuma, akakanda. Mama akaja kuchungulia, akaondoka, akarudi, naye bado anakanda. Mwishowe alipojaribu kutoa mkono, nyama ikauganda kama gundi.

"Imenishika, Mjomba! Imenishika!"

"Basi sasa ni giros. Tuioke, ilaliwe na tofali mpaka kesho."

Jumamosi asubuhi uwanja wa shule ulijaa moshi na vicheko. Kasuku alifika wa kwanza kwenye meza yao, Mjomba akiwa bado ananoa kisu. "Mtambo uko wapi?"

"Huu hapa," Chapuchapu alisema, akionesha tofali juu ya bati lililofunikwa foili.

Kasuku akainama kuchungulia. Kisu kikapita. Kipande kikatoka chembamba, kizima, unaweza kukishika kwa vidole viwili. Kwenye kikaango kikalia, kingo zikajikunja, zikawa za kahawia. Wenzake wakakifunga kwenye mkate laini pamoja na nyanya, vitunguu, na mtindi uliochanganywa na tango.

Mwalimu mkuu alikula kimoja, akanyoosha mkono kuchukua cha pili. Foleni ikazunguka uwanja. Kabla ya saa sita bati lilikuwa tupu, na darasa zima lilikuwa limembeba Chapuchapu juujuu likiimba.

Mwalimu wake alimuuliza siri ya upishi ule. Angeweza kusema lolote. Alimtazama Mjomba, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Ya kwanza iliharibika, Mwalimu. Niliruka kazi, halafu nikadanganya kwamba nimeifanya."

Mjomba akamwekea mkono begani.

"Juzi uliniambia umekamua, nami nikakuamini," alisema. "Nyama haikukuamini. Kazi haidanganyiki, mwanangu. Lakini kuharibu chakula si aibu, hata mimi nimewaunguzia mabaharia wali mara nyingi. Aibu ingekuwa mzee wa watu atukanwe kwa kosa lako. Uliposema kweli ulimwokoa yeye, na sisi tukajua pa kurekebisha. Ndiyo maana leo mmekula."

Halafu akawageukia watoto. "Haya, nani atanisaidia kuosha haya mabakuli? Yana mafuta."

Chapuchapu alikuwa tayari amekunja mikono ya shati.