Kitabuni Lango Halikufunguliwa

Kisu kilisimama katikati ya sukuma wiki. Mchumba wangu, Irungu, alikuwa ameropoka sentensi moja tu... na ilitosha kuvunja harusi!

"Pale mfalme anafungulia binti yake lango, karibu nilie," alisema.

Nikamgeukia polepole.

"Uliona wapi?"

"Si ni kwa kitabu?"

"Kwa kitabu hafungui, Irungu. Anakufa ameshika ufunguo."

Wasomaji, mnielewe. Tulikuwa na sheria: tunasoma kwanza riwaya ya majoka na wafalme, halafu kila Jumapili tunatazama tamthilia yake pamoja, tukilinganisha. Kipindi cha lango kilitoka Ijumaa, na sisi tulikuwa bado hatujakitazama. Jumamosi aliniambia yuko Timboroa, anafunga dishi za TV, kazi yake. Kwake hakuna TV. Kompyuta ya kutazamia ni yangu.

Kwa hivyo alikitazama kwa mtu. Sikuhitaji wivu kujua hilo.

"Ulitazama na nani?"

"Nangila, hiyo siwezi kukuambia. Nipe wiki chache tu..."

"Za nini? Umalizie msimu na yeye?"

Jumamosi iliyofuata nilimfuata kwa bodaboda, pete mfukoni, tayari kumrudishia mbele ya huyo mwanamke wake.

"Madam, tunafuata mwizi ama bwana?" dereva akauliza.

"Endesha."

Irungu aliingia mtaa wa Pioneer. Akakata kona ninayoijua. Akasukuma lango la kijani ninalolijua zaidi...

Lango la baba yangu!

Mzee Wabuge, aliyenifukuza mwaka jana akisema, "Ukiolewa na huyo asiye wa kwetu, hili lango usahau." Tangu siku hiyo hajawahi kushika simu yangu.

Nikaingia, nikasimama chini ya dirisha.

"Ati kitabu kinasema mfalme alikufa bila kufungua?" Baba alikuwa anafoka. "Huyo mwandishi hana watoto!"

"Mzee, ndivyo imeandikwa. Nangila mwenyewe alinisomea."

"Basi tamthilia imekishinda." Akapunguza sauti. "Huyo msichana... bado anakunywa chai bila sukari?"

Nikakohoa. Sikuweza kujizuia.

Irungu akatoka mbio, macho yamemtoka.

"Nangila! Nilikuja kumtengenezea dishi tu. Akasema nikikuambia, nisirudi tena, nami nilikuwa nangoja alainike!"

Baba akaja nyuma yake, rimoti mkononi. Akanitazama kama anayehesabu kilo nilizopungua.

"Umeingiaje?"

"Lango lilikuwa wazi, Baba."

"Limekuwa wazi siku nyingi. Ni wewe hukusukuma."

Ushahidi wangu ulikuwa sahihi wote. Irungu alitazama, alitazama kwa mtu, alinidanganya. Hukumu ndiyo ilikuwa mbovu. Ukigundua mtu wako amekuficha jambo, uliza pia anamfichia nani, kabla hujavua pete.

Baba anashikilia kwamba tamthilia ni bora kuliko kitabu. Kwa kipindi hicho kimoja, sibishani naye.