Ngazi ya Bwana Cheche

Karakana ilikuwa na shangwe. Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Cheche, alikuwa amemaliza ngazi ya vidato kumi. Tena kesho yake angekodi karakana ya pili! Mkewe hakuifurahia habari hiyo hata kidogo, lakini nani angemsikia kwa makelele yale ya mashine?

Mara akaingia karani wa takwimu.

"Hodi! Tunapima hali ya nchi."

"Karibu! Andika tajiri," alisema Cheche. "Mapato yangu yamepanda mara mbili!"

Karani alicheka. "Nimeandika. Tunajumlisha pato la nchi nzima, tunaligawa kwa idadi ya watu, kisha tunalinganisha nchi na nchi. Lakini huo ni wastani tu. Tajiri mkubwa akiingia humu sasa hivi, wastani wetu utaruka. Mfuko wako utanenepa?"

"Wapi!"

"Ndiyo maana tuna swali la pili. Itazame ngazi yako hiyo: kidato cha juu ni maisha bora kabisa kwako. Sakafuni ni mabaya kabisa. Wewe uko wapi?"

Cheche alipanda mbio mpaka kidato cha tisa. "Hapa! Na mke wangu mwandike hapa hapa."

"La, fundi. Kila mtu hujijibia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Mkewe, aliyekuwa kando akisikiliza, alikanyaga kidato cha tatu, akasimama hapo.

Cheche alimtazama kutoka juu. "Tatu? Na friji niliyokununulia je?"

"Friji naongea nayo, baba, hainijibu. Unatoka tumelala, unarudi tumelala. Ukifungua karakana ya pili, watoto watakujua kwa picha."

Cheche alishuka polepole. Ilimuuma. "Kwa hiyo utajiri hauna maana?"

"Unayo, tena kubwa!" alisema karani. "Bila chakula na dawa, nani atapanda? Lakini nchi mbili zaweza kulingana kwa mapato, na watu wa moja wakaridhika zaidi. Afya, uhuru, mtu wa kukufaa ukikwama, vyote vina uzito. Kwa hiyo tunapima pesa, na tunawauliza watu wenyewe."

Karakana ya pili haikukodiwa. Cheche aliajiri msaidizi, akawa anafunga kazi jua likiwa bado juu. Ile ngazi alikataa kuiuza.

Miezi ikapita. Jioni moja mkewe aliipanda mwenyewe, watoto wakishangilia: nne, tano, sita, saba!

"Baba, panda na wewe!" mkewe aliita akicheka.

"Subiri kwanza," alisema Cheche, ameikamata ngazi kwa mikono miwili. "Leo nakushikilia."