Kirungu cha Gia

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi bandani kwake, mbele ya jiko la mkaa, mguu mmoja umeingia chini ya gari lake la jeshi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Karibu na bega lake palikuwa na spana ya magurudumu, safi, imefutwa kwa kitambaa chenye dizeli.

"Kwenye spana hakuna alama za vidole hata moja, afande," konstebo alisema.

Inspekta aliinama kuitazama spana. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mzito wa mwili na mzito wa maneno, na makelele ya mlangoni yalikuwa yameshamchosha.

"Mkamateni huyu!" Mdogo wa marehemu alikuwa akimsonta mjane kwa kidole. "Mtaa mzima ulimsikia akisema atalitia gari moto!"

"Nilisema gari, shemeji. Sikusema mume." Mjane hakuwa na chozi. "Na wewe umeshaulizia funguo za nyumba, maiti hata haijapoa."

"Muuaji mkubwa!"

"Funga mdomo, bwana," Inspekta akasema. "Na wewe mama, utafuatana na konstebo mpaka kituoni."

"Kwa sababu nimeua, au kwa sababu shemeji ana sauti kubwa?"

Swali hilo lilimkaa Inspekta kichwani. Hata hivyo mama wa watu alipelekwa rumande, kitenge begani, na shemeji akabaki anapangusa kiti cha kaka yake ili akikalie.

Inspekta alirudi bandani. Marehemu watu walimwita Asili, na jina lilimfaa. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akilifufua gari lile la vita vya zamani, na hakukubali kitu ambacho hakikutengenezwa wakati ule ule. Umletee skrubu mpya inayong'aa, atakutupia usoni. Inspekta alikagua swichi ya taa, vibano vya turubai, nati za mlango. Kila kimoja kilikuwa na mhuri mdogo wa kiwanda kile kile.

Akapanda akakaa kwenye usukani. Akashika gia.

Pale juu ya mkono wa gia, mahali pa kiganja cha dereva, palikuwa na kirungu cha mti. Kimechongwa kwa kisu, tena na mtu asiye seremala. Mahali pa kidole gumba palikuwa pamelika na kuwa kishimo. Upande mmoja kilikuwa kimeungua, na bado kilinuka moshi.

"Konstebo, pekua tena. Makopo yote."

Konstebo alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya oili chafu, uso ameukunja. Akaibuka na kirungu cheusi chenye mhuri wa kiwanda.

"Basi muuaji hakuiba kitu," Inspekta akasema. "Amerudisha cha zamani."

Kituoni, mjane alimpokea kwa macho makali.

"Umekuja kunifunga pingu?"

"Nimekuja kuuliza. Kirungu cha mti ni cha nani?"

"Kilikuja na gari. Mume wangu alikiona ni uchafu. Jana kikafika cheusi, ameagiza mbali huko. Alifurahi! Siku niliyomzalia mtoto hakufurahi hivyo. Cha mti akakitupa pembeni ya jiko, kiwe kuni."

"Vipuri vingine alivipata wapi?"

"Kwa Sumaku, muuza vyuma chakavu. Amemletea vyote, hata springi ndogo kama punje ya mchele. Isipokuwa hicho kirungu. Kila akiulizwa, hakipatikani."

Sumaku alikuwa amekaa uani kwake katikati ya mabati na ekseli, anatenga shaba. Hakuinuka.

"Leo sinunui kitu, afande."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Kwani chuma kina miguu kitanifuata?"

"Marehemu ulimfahamu?"

"Alikuwa mteja. Ana mdomo mchafu. Nani hamjui?"

Inspekta alikuwa anatembeza macho kwenye rafu. Akashusha kopo la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya meza. Vikabiringika virungu vitatu vyeusi, vyote vina mhuri.

"Hivi ndivyo visivyopatikana?"

Sumaku akaendelea kutenga shaba.

"Mteja anakulilia miaka yote, nawe umevifungia kwenye kopo. Mbona hukumwuzia?"

"Mali yangu. Siuzi nisipotaka."

"Twende. Utaniachia alama za vidole."

Mtaalamu wa alama za vidole hakuchukua muda mrefu. Kidole gumba cha kulia cha Sumaku kilikuwa kimekaa wazi kwenye masizi ya kirungu cha mti. Inspekta akakiweka mezani mbele yake, ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Sema."

Sumaku alikitazama kirungu, siyo Inspekta.

"Gari lile baba ndiye alikuwa dereva wake, jeshini. Kirungu chake kilivunjika njiani, akachonga hiki. Nilipokuwa mdogo alinipakata, mkono wangu chini ya wake, tunabadilisha gia. Asili alilinunua mnadani. Nikasema potelea mbali, nitamtafutia kila anachotaka, mradi hicho kibaki."

"Asubuhi ukaenda."

"Nilimpelekea springi. Nikakuta cheusi kimekaa. Nikamwomba, 'Kaka, basi nipe hicho cha mti.' Akasema kila kilichotoka kwenye gari ni chake. Akacheka. 'Uchafu wa madereva walevi,' akasema. Baba yangu hakunywa, afande! Akainama kukitia motoni."

"Nawe ukampiga."

"Nikampiga. Kisha nikakiopoa motoni."

"Kwa nini hukukimbia nacho?"

"Nyumbani kwangu kingekuwa kijiti tu. Pale ndipo mahali pake."

Inspekta alimwita konstebo. "Kamfungulie yule mama. Umwambie samahani, nimekutuma mimi." Kisha akamgeukia Sumaku. "Spana uliifuta kwa dizeli. Hiki hukukifuta. Mtu mjanja kama wewe."

"Ningeufuta hata mkono wa baba."

Alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma. Alipoinuliwa kupelekwa ndani, akageuka mlangoni.

"Mtakiweka wapi?"

"Kabatini, mpaka kesi iishe."

"Msikisafishe," alisema. "Tafadhali, afande. Mtu asikisafishe."