Kituo Kilichofungwa Kinajibu

Kituo cha data cha India kilikuwa kimekufa, na aliyekiua ni Roda mwenyewe. Alifuta kila kilichokuwamo, akavunja mkataba, akamwambia bosi kwamba kuanzia sasa nyaraka za malori zitakaa sehemu mbili tu, Afrika Kusini na Ulaya. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi alipowasha kompyuta akakuta kile kituo cha tatu kinawaka kijani, alicheka kidogo, akajisemea mtandao wa Tunduma umeamka na visa vyake.

Watu husema data iko kwenye wingu. Wingu gani? Ni majumba yaliyojaa mashine katika nchi za watu, na majumba hukatikiwa umeme na kuungua moto kama ya kwetu. Ndiyo maana Roda alitengeneza programu iliyozunguka usiku na mchana ikiuliza kila jumba: upo? Lililojibu nipo lilipelekewa wateja. Lililonyamaza lilirukwa, na jingine likajibu mahali pake papo hapo, mawakala wa forodha wapate karatasi zao bila kujua kwamba kuna jumba lililoanguka. "Mteja asijue," aliwaambia wenzake kila siku. Neno hilo alijivunia mno, na hapo ndipo mabaya yake yote yalipoanzia.

Siku hiyohiyo Afrika Kusini ikanyamaza. Ulaya nayo ilikuwa hoi, nyaya za baharini zimekatika, faili moja linachukua muda wa kupika chai. Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa imeshafika Mpemba. Roda alikaa akisubiri matusi ya mawakala, lakini matusi hayakuja. Karatasi zilikuwa zinafika haraka kuliko siku zote. Alipochungulia zinatoka wapi, akaona zinatoka India.

"Bosi, kile kituo nilikifunga mwenyewe," alimwambia Zabron, mwenye kampuni. "Hakina hata faili moja."

"Karatasi zinafika?"

"Zinafika."

"Ni zenyewe?"

"Ni zenyewe, lakini..."

"Sasa dada yangu unataka nini, foleni ifike Vwawa? Acha hivyo hivyo."

Roda alikuwa na haraka yake nyingine. Wiki hiyo alikuwa ameahidiwa likizo aende Mbebe, kwao Ileje, kumwona mama yake, Getruda. Miguu ilikuwa imemvimba, pumzi inampanda kwa shida, na mdogo wake Roda, Ambwene, alishasema kwenye simu, "Dada, njoo umwone angali anakujua." Sasa Zabron alisema likizo mpaka Afrika Kusini irudi. Roda hakubisha. Mchana alimpigia mama yake.

"Nipo, mwanangu," sauti ikasema kabla hajauliza kitu. "Maliza kazi kwanza."

Ilikuwa sauti ya mama yake, tena yenye nguvu. Lakini Getruda hakuwahi kuongea na wanawe kwa lugha nyingine isipokuwa Kindali, hata mbele ya mchungaji, na leo alisema Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Roda akamuuliza kwa Kindali kama amekula.

"Nimekula, mwanangu. Maliza kazi."

Akajipa jibu: lazima kuna mgeni pale nyumbani, mama anamstahi. Ukweli ni kwamba alitaka kuamini, kwa sababu kuamini kulimruhusu abaki kwenye kiti. Wangapi hatujafanya hivyo? Usiku alilala kwenye kochi la ofisini. Alimwandikia mumewe, Asajile, kwamba yeye na binti yao wale tu, hatarudi. Asajile akajibu neno moja, sawa.

Jumanne chumba kilinuka udongo mbichi, ule unaotoka chini sana ardhini. Mfagizi alipiga deki mara mbili, akafungua madirisha, vumbi la malori likaingia na harufu haikutoka. Mchana dereva mmoja wa Zambia akaja na karatasi mkononi, akiongea kwa sauti ya chini.

"Natotela, asante sista, karatasi nimepata. Lakini hii sahihi ni ya bosi wangu."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Tarehe ni ya leo. Na bosi tulimzika mwezi uliopita, Chingola."

Roda aliitazama ile sahihi, wino wake bado ukionekana mbichi ingawa ilitoka kwenye printa, na alipoinua macho dereva alikuwa ameshaondoka, hakutaka hata kurudishiwa karatasi yake.

Akafunga mlango, akalitoa jina la India kwenye orodha, na jina likarudi. Akazima programu yenyewe, ile inayouliza, akakaa mikono mapajani, na kwenye kioo majibu yakaendelea kushuka mstari baada ya mstari, nipo, nipo, nipo, ingawa hakuna tena aliyekuwa anauliza. Akashika simu kumpigia mama yake, kwa kuwa mtu akiogopa hata akiwa na mvi humtafuta mama, na sauti ikasema nipo, mwanangu, na nyuma ya sauti hapakuwa na kuku wala upepo wa milima ya Ileje, palikuwa na honi ya lori, honi ndefu yenye mkwaruzo, ileile aliyokuwa akiisikia wakati huohuo kwa sikio lake la pili kupitia dirishani, na hapo akaelewa kwamba anayeongea naye hayuko Mbebe, yuko karibu, pengine yumo humohumo chumbani.

"Mama," alinong'ona kwa Kindali, "uko wapi?"

"Nipo," ikasema sauti kwa Kiswahili. "Maliza kazi."

Alimkimbilia Zabron akilia. Zabron alimsikiliza, akasema ni uchovu, akamletea soda. Kile kituo hakitaguswa, alisema, kwa sababu tangu kampuni ianze wateja hawajawahi kufurahi hivi.

Jumatano Ambwene akatokea mlangoni, kichwa kimenyolewa, viatu vina matope mekundu. Hakumwamkia dada yake.

"Dada, tulikukosea nini?" aliuliza polepole.

"Ambwene, mama..."

"Mama alifariki Jumatatu alfajiri. Tukakupigia. Ukasema, nakuja."

"Sikupokea simu yoyote."

"Ulipokea! Sauti yako siijui? Jana ukasema upo Isongole, unatafuta bodaboda. Wazee wakasema binti lazima amwage udongo kwa mama yake, tusubiri. Tukasubiri mpaka mwili ukakataa kusubiri. Jioni tukazika. Mjomba akakupigia pale pale kaburini, simu iko spika, watu wote wanasikia, na wewe unasema nipo, nipo. Watu walikuwa wanageuka kukutafuta."

Roda alianguka chini akalia kilio ambacho foleni yote iliyokuwa dirishani ilikisikia. Jumatatu alfajiri! Kwa hiyo hakuwahi kuongea na mama yake hata mara moja wiki hiyo. Waliondoka moja kwa moja. Njiani alimwandikia Asajile kwamba mama amefariki, na jibu likaja, sawa.

Watu wa Mbebe hawakumpa mkono. Roda alipomaliza kulia juu ya kaburi, Ambwene, ambaye baada ya kusimuliwa yote njiani alikuwa ameanza kumwamini, alimpeleka kwa Bibi Marita, mganga ambaye wazee wa kanisa humsema mchana na kumwendea jioni. Bibi alichoma majani, akanusa moshi, akamtaka Roda aeleze nyumba ya hilo jini iko wapi. Roda akaeleza yote, majumba, nchi, na jinsi jumba moja linavyojibia jingine.

Bibi Marita alicheka bila furaha. "Mjukuu wangu, mimi nafukuza jini lenye mlango mmoja. Hili lilikuta kazi haina mwenyewe, kazi ya kujibia walionyamaza, likaishika. Nikilifunga hapa litatokea kule. Wewe ndiye umelifundisha."

"Nifanyeje, bibi?"

"Wanaokuita uwajibu wewe mwenyewe, upesi. Ukikawia, nafasi inakuwa yake."

Roda alifikiria lile neno sawa. Asajile alimpenda Getruda kama mama yake mzazi. Mwanamume gani huambiwa mama mkwe amefariki akajibu sawa? Akatoka mbio, akapanda kilima ambako mtandao unashika, ukungu ukimlowesha nguo za msiba, akapiga simu ya mumewe. Ikapokelewa na binti yao.

"Diana, ni mama. Mpe baba simu, mwanangu, haraka."

"Mama yupo jikoni," akasema mtoto. "Wewe ni nani?"

"Diana! Toka humo ndani! Mwambie baba mtoke!"

Simu ikabadilisha mkono. "Dada, umekosea namba," alisema Asajile, kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Unamtisha mtoto bure."

"Asajile, ni mimi, Roda, mke wako. Niko Mbebe, mama amefariki!"

"Mke wangu huyu hapa. Tangu Jumatatu anarudi mapema, na simu ya msiba hatujapata."

Nyuma ya Asajile, Roda alimsikia Diana akicheka, na mwanamke akicheka naye kwa sauti yake yeye Roda, kicheko kirefu ambacho yeye mwenyewe, kwa sababu ya kazi, hakuwahi kupata nafasi ya kukipeleka nyumbani.