Pikapu ya Dizeli ya Baba Kim

Pikapu ya Musyoka ilizima katikati ya lango la soko la mifugo la Garissa, siku ya soko, ngamia mbele, mbuzi nyuma, tuktuk zikipiga honi. Ilipowaka ilitapika moshi mweusi, ukamfunika mwanamke aliyekuwa akipita na gauni la kitenge cha manjano, limepigwa pasi asubuhi hiyo hiyo.

"We mzee! Hiyo ni gari ama ni jiko?"

"Pole, mama."

"Pole haifui nguo."

Huyo alikuwa Abigael, mtu wa Meru, mwenye kibanda cha sola pale sokoni, anapochaji betri za tuktuk za umeme. Musyoka alimtazama tu. Hakucheka, hakukasirika. Miaka mitatu uso wake ulikuwa hivyo, kama ukuta.

Kesho yake akaja kibandani na pakiti ya sabuni.

"Ya gauni," akasema.

"Na maji je? Mfereji wetu umekauka wiki ya pili, wakubwa wanakunywa ya chupa."

Jioni akaleta mitungi miwili. Abigael akacheka mpaka akashika kiuno, na Musyoka akasikia kitu kidogo kifuani, kama mguu uliolala ukianza kuamka.

Ikawa chai kila siku, na simu.

"Baba Kim, umekula?"

"Nimekula, Mama Betri."

"Muongo. Nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, mzee wa moshi. Kuja."

Kim, mtoto wa Musyoka, alikuwa kwa nyanya yake huko Mwingi. Musyoka alikuwa akipeleka unga na sukari hadi Eldas kwa pikapu, lakini bei ya dizeli ilikuwa imemshinda. Wakubwa wale wale wanaoipandisha husimama jukwaani wakisema nunueni umeme, na stima yenyewe inapotea kila wiki. Abigael alitegemea jua, ambalo hakuna mkubwa aliyejua kulikata. Musyoka akakubali kuchukua tuktuk ya umeme. Ikabaki kuuza pikapu.

Ndani ya hiyo pikapu Bridget, mke wake, alikata roho miaka mitatu iliyopita akipelekwa hospitali, karibu na Modogashe. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilikuwa limeegeshwa, tangi kavu, na mafuta yake yalikuwa yamempeleka mkubwa fulani harusini. Hakuna aliyeulizwa kwa nini.

"Nimekuonea huruma na bado nakuonea," Abigael alimwambia. "Lakini sitaamka kila asubuhi niikute hiyo pikapu mlangoni. Kaka yangu Mwiti anakuja Jumapili. Akiikuta hapo, mambo ya posa usiyaguse."

"Nitauza Jumatano."

Jumatano Hirsi, dalali, akamletea mnunuzi: Jelle, mfugaji wa Eldas. Jenereta ya kisima chao ilikufa, ofisi ya maji ikaandika barua, barua ikalala. Alitaka injini ivute maji.

"Warya, bwana, injini hii iko nguvu," Hirsi akasema. "Leta mkono."

Pale sokoni bei haisemwi kwa mdomo. Mikono huingia chini ya shali, vidole vikiongea. Hirsi akamshika, akaminya kidole kimoja, viwili, taratibu. Musyoka akachomoa mkono ghafla kama aliyeungua.

Jelle akageuka akaenda zake.

"Wallahi umenitia aibu!" Hirsi akafoka. "Kuchomoa hivyo ni kumwambia mtu bei yake takataka!"

Musyoka akarudi na gari. Abigael alikuwa mlangoni kwa Musyoka, gauni la manjano, mikono kifuani. Aliona bampa ya pikapu, akaondoka. Simu ikaja baadaye.

"Umeirudisha."

"Eeh."

"Bei ilikuwa mbaya?"

"Sijui bei."

"Hujui? Basi oa gari yako, Baba Kim."

Akakata. Musyoka akakaa. Hata uchungu hakuusikia. Chai ikapoa ikaingia nzi. Jumamosi ndipo alipompigia Abigael, na ilikuwa kama mtu mwingine anaongea.

"Alinishika mkono, Abi."

"Nani?"

"Hirsi. Akaminya vidole. Tangu Bridget aende hakuna mtu amenishika mkono hivyo. Nikaogopa."



"Hata mimi sijakushika," Abigael akasema.

"Hata wewe."

"Ng'ombe wewe. Na mimi pia ng'ombe. Huyo Jelle bado yuko mjini?"

Hirsi aligoma kwanza, kisha akapiga simu. Jelle akakubali kuja nyumbani kwa Musyoka na kutaja bei kwa mdomo, kwa sababu wake zake walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta maji. Wakakubaliana. Gari lingeondoka siku hiyo hiyo, saa kumi jioni.

Saa tisa Musyoka alikuwa ndani ya pikapu na spana, anafungua kiti cha abiria.

"Hicho kinaenda wapi?" Abigael akauliza.

"Bridget alikuwa amekikalia." Hakumwangalia. "Gari iende. Hiki sijui. Siwezi tu."

Abigael alisimama. Alifikiria Mwiti, atakayefika kesho na maswali yake. Alifikiria kiti cha marehemu sebuleni. Angeweza kuondoka, na Musyoka asingemfuata; alijua hivyo.

Akakunja gauni, akazunguka upande wa pili.

"Nati ya huku imeshika kutu," akasema. "Leta mafuta kidogo."

"Mwiti atauliza."

"Atauliza. Nitamwambia ni kiti."

Musyoka akampa kopo la mafuta. "Basi kesho nitamuuliza kuhusu posa yako."

"Muulize," Abigael akasema, akaegemeza bega kwenye spana, akasukuma.