Nguruwe Wote, Si Mmoja

Mume wangu Eusebio ana shabaha, hilo simnyimi. Asubuhi moja alikuta kundi la nguruwe mwitu linatafuna matikiti yetu, akampiga mmoja. Loo! Siku hiyo alitembea uani kifua mbele. Tukapika tamale, unga wa mahindi uliofungwa majani na nyama yake ndani; majirani wakala, wakamsifu.

Kesho yake nguruwe waliobaki walirudi, wakafukua mistari mingine miwili.

Nilitaka kulia. Mwaka jana walitumalizia shamba lote. Wakilimaliza tena, Eusebio atarudi kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, huko mbali, nami nibaki na kuku tu. Sikutaka kabisa.

Nikamwita jirani yetu Herlinda. Kazi yake ni kutega nguruwe.

"Shemeji," akamwambia Eusebio, "ukipiga mmoja, wengine wanakimbia na kuwa wajanja zaidi. Halafu wanazaana kuliko risasi zako."

"Sasa nifanyeje? Niwaimbie?"

"Uwalishe."

"Niwalishe! Delfina, huyu rafiki yako ni mzima kweli?"

Tukajenga zizi pana la waya. Juu tuliliacha wazi, ili kulungu akiingia aweze kuruka nje. Ndani tukamwaga mahindi yaliyolowekwa mpaka yakachacha. Herlinda akafunga kamera, tuone kila kitu kwenye simu. Ukibonyeza simu hiyo hiyo, mlango unaanguka.

"Msibonyeze mpaka waingie wote," akasema. "Haraka haraka haina baraka."

Alfajiri moja, Herlinda akinywa kahawa kwetu, Eusebio akapiga kelele. "Wameingia! Nabonyeza!"

Herlinda akachungulia simu. "Acha! Hao ni havelina, wanafanana na nguruwe tu. Tazama huo ukosi mweupe shingoni, na mkia hata hauonekani. Nguruwe ana mkia mrefu. Havelina ni wenyeji wa pori hili, waache waende zao."

Siku chache baadaye wakaja nguruwe wenyewe. Watoto waliingia. Jike kubwa likabaki nje, linanusa mlango.

"Hawa si haba!" akasema Eusebio.

"Na mama yao je?" nikamuuliza. "Si atazaa wengine?"

Kidole chake kikaanza kusogea. Nikampokonya simu, nikaikalia.

"Mwanamke, inuka!"

"Njoo uniinue basi."

Hakuja. Ananijua.

Tukaendelea kuwalisha, naye akinung'unika kila siku. Mwishowe, asubuhi moja, jike lile nalo likaingia. Nikawahesabu wote, nikabonyeza. Pu! Hakubaki hata mmoja nje. Herlinda akaja, akawamaliza upesi kwa bunduki, bila kuwatesa. Akatuonya tuvae glavu tunapochuna na nyama tuipike mpaka iive kabisa, maana nguruwe mwitu ana magonjwa.

Havelina bado wanapita, wanakula mipungate yao kando ya uzio. Hatuwagusi.

Matikiti yaliiva, tukajaza lori. Eusebio hakwenda visimani. Kila Jumapili, nje ya kanisa, anawafundisha watu kutega nguruwe.

"Siri ni subira," anawaambia. "Mimi nina subira sana."

Herlinda ananikonyeza nimuumbue. Mume wangu yuko nyumbani, mwacheni aseme.