Kimya cha Chumba

Jua lilikuwa linazama nilipofungua studio ili nisafishe sauti ya Mama. Dada yangu aliihitaji video ya mahojiano niliyomfanyia Mama kabla hajafariki; kesho yake ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu, na feni ilikuwa imenguruma juu ya maneno ya Mama mwanzo hadi mwisho.

"Hiyo programu yako si ina mambo mapya?" dada aliniuliza kwenye simu. "Kila siku inakwambia, nawe unabonyeza 'Baadaye'. Sikio la kufa wewe."

Mazoea yana taabu. Nilicheka, nikayafungua hayo mambo mapya kwa mara ya kwanza. Nikakuta kitufe: *Tenganisha wasemaji.*

Nikabonyeza... feni ikatoweka.

Mama akabaki peke yake, sauti safi, akisimulia habari za kaka yetu aliyeondoka kutafuta kazi asirudi. Alisema usiku hatii komeo mlangoni, mwanawe asije akakuta pamefungwa. Nililia, wala sioni haya kusema.

Mwisho wa mahojiano, sisi mafundi sauti hurekodi kimya cha chumba. Watu wote hunyamaza kidogo, tupate ukimya wa kuzibia mapengo. Kipande hicho hakina msemaji.

Programu ilionyesha wasemaji wawili.

Nikamsikiliza wa kwanza.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya kaka, na ule mkwaruzo wake wa tangu utotoni.

"Hodi... Mama, hodi..."

Kwenye picha, Mama amegeukia mlango. Midomo yake inacheza. Kisha kidole changu kinatokea pembeni, kinamwashiria anyamaze. Siku ile masikio yangu yalikuwa yamejaa feni, sikusikia kitu. Na Mama alifariki wiki ileile. Kumbe mwanawe alikuja akapiga hodi, na mimi nikamzuia mzazi wangu kumwitikia.

"Hodi..."

"Karibu," nilinong'ona. "Karibu, kaka. Ingia."

Sauti haikubisha tena.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Nilidhani mvua imeanza, lakini nje palikuwa pakavu. Ndipo nikamkumbuka msemaji wa pili. Nikampandisha sauti.

Alikuwa Mama, kwa mnong'ono mdogo sana, akisema na mimi.

"Usimwitikie, mwanangu. Sauti ni yake... mwenyewe siye."

Nikavua vipokea sauti masikioni taratibu. Simu ilikuwa inaita mezani, dada anaulizia video yake. Sikuipokea.

Nyuma yangu, mlango niliokuwa nimeufunga ulilia bawaba. Kiti kikavutwa. Mtu akakaa, akakohoa kwa ule mkwaruzo wa utotoni.

Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikiuona uso wa kaka, nitafurahi.